Sikio la Kushoto Halijafa

Muhula uliopita nilimpelekea asistenti wetu mmoja pendekezo la kazi yangu ya mwisho wa masomo. Nilitaka kunakili na kuchambua Kiswahili cha nyimbo za gitaa zilizorekodiwa katika mji huu miaka ya 1950, mji ukiwa bado unaitwa Jadotville. Alisoma kurasa zote tatu, akasifu, kisha akanikazia macho.

"Lakini wewe si ndiye uliyeomba kukaa benchi la mbele kwa sababu ya masikio?"

"Ndiyo, Asistenti."

"Basi, kijana, chukua riwaya. Riwaya haina kelele."

Hakusema kwa ubaya, nami sikumwelewa kwa ubaya. Ila nilitoka ofisini mwake jibu likiwa limenikwama kooni, na kwa kuwa najua anasoma jarida hili, naomba nimjibu hapa, kwa heshima zote. Sikio lililopoteza sauti nyembamba halijapoteza muziki. Tena mtu anayelijua vizuri pengo la sikio lake huweza kusikiliza kwa makini kuliko yule anayeamini kwamba masikio yake hayana pengo lolote.

Pengo langu nililitafuta mwenyewe. Miaka saba nilipiga gitaa katika kundi la kanisa. Nafasi yangu ilikuwa kati ya ukuta na mpiga ngoma, matoazi yake yakiwa kushoto kwangu na spika kubwa ikiwa hatua mbili tu upande huohuo. Jumapili ibada, Jumatano na Ijumaa mazoezi, mwisho wa mwezi mkesha. Kila nilipotoka, sikio la kushoto lililia kama nyenje hadi asubuhi, na sisi sote tuliuhesabu mlio ule kuwa dalili ya ibada iliyonoga.

Kipimo nilifanyiwa Lubumbashi. Unakalishwa katika chumba kidogo kisichopitisha sauti, unavalishwa kaske, na unabonyeza kitufe kila unaposikia mlio. (Vitabu vinasema "vipokea sauti vya masikioni". Mimi nitasema kaske, kama tunavyosema sote mtaani.) Milio inaanzia hezi 250 na kupanda hadi 8,000, ambako ni myembamba kama mbu aliye chumba cha pili. Matokeo huchorwa kwa mistari miwili, mmoja kwa kila sikio. Mstari wangu wa kulia unakwenda tambarare hadi hezi 3,000, kisha unateremka taratibu. Wa kushoto unatembea vizuri hadi 1,500, halafu unaanguka kama mtu aliyekosa ngazi. Kwenye hezi 4,000 nahitaji desibeli 65 kabla sijasikia chochote kushoto, wakati kulia 35 zinatosha. Daktari hakukimbilia kulaumu muziki. Masikio mawili yakitofautiana hivyo, alisema, lazima kwanza kutafuta kama hakuna ugonjwa mwingine ndani, na aliutafuta, asiuone. Nalisema hili kwa ajili ya msomaji mwenye tofauti kama yangu: usikubali kuambiwa "ni kelele tu" kabla hujapimwa.

Kwa nini sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kuondoka? Ndani ya sikio kuna mfereji uliojikunja kama gamba la konokono. Sauti nyembamba hupokelewa mlangoni, nzito hupokelewa ndani kabisa. Seli zenye vinywele zinazofanya kazi hiyo ni kama 15,000 tu kwa kila sikio, na zikifa haziroti tena wala hazioti nyingine mahali pake. Kelele kubwa hupiga kwanza pale penye hezi 4,000 au karibu yake. Si jambo jipya. Mwaka 1886 daktari Thomas Barr aliwapima mafundi 100 wa maboila huko Glasgow, asikute hata mmoja mwenye usikivu wa kawaida. Mji wetu, uliolelewa na viwanda na reli, hauna haja ya kusoma Barr ili uelewe. Sote tunamjua mzee anayeitikia "ndiyo" kwa kila swali na kucheka pale wengine wanapocheka.

Sasa muziki. Noti ya juu kabisa ya piano ina hezi 4,186. Huo ndio ukomo wa kinanda kizima, na nyimbo nyingi mno hazifiki hata nusu yake. Juu ya hapo hakuna tena wimbo, kuna uangavu wa wimbo: ukucha unaokwaruza uzi, pumzi ya mwimbaji kabla ya neno, mchakacho wa matoazi. Sidharau vitu hivyo. Navikumbuka, na siku nyingine vinaniuma. Lakini nilichopunguziwa ni chumvi, bukari bado iko mezani. Tena mnaonihurumia, fikirieni simu. Simu ya kawaida hubeba sauti kati ya hezi 300 na 3,400 tu. Kila anayepiga simu ya kawaida ana masikio kama yangu kwa muda wa maongezi yake, na kwa masikio hayo watu wanaposa, wanagombana, wanapeana habari za misiba, na wanatambua kwa neno moja kwamba Mama amekasirika.

Tatizo langu kubwa na kaske halikuwa upungufu. Lilikuwa kutolingana. Spika ikipiga chumbani, masikio yote mawili hupata sauti zote, na sikio zuri humsaidia ndugu yake. Kaske huwatenganisha. Kila sikio hupewa chakula chake, na hakuna wa kuliombea jingine. Katika rumba yetu jambo hili ni zito, kwa sababu fundi mitambo hupenda kumweka mpiga solo upande mmoja na wa mi-solo upande wa pili, ili seben ikianza msikilizaji awe katikati yao kama mtu anayesikiliza majirani wawili wakitaniana juu ya ua. Kwangu jirani mmoja alikuwa amenyamaza. Hata mwimbaji, ambaye angepaswa kusimama katikati ya paji la uso, alikuwa amehamia bega la kulia.

Niligundua kwa bahati. Usiku mmoja umeme ulikatika, nikavaa kaske gizani, nikaivaa kinyume bila kujua. Wimbo ulikuwa ule ninaousikiliza tangu sekondari. Dakika ya nne, seben ilipofunguka, akatokea kulia kwangu mpiga gitaa ambaye sijawahi kukutana naye. Alikuwa anajibu. Kila maneno ya solo, yeye alikuwa na jibu lake fupi, la mzaha, lililochelewa kidogo kwa makusudi. Niliwasha tochi ya simu nione kama huo ni wimbo uleule. Wengine wangefurahi. Mimi nilikasirika kwanza, kama mtu anayegundua kwamba nyumbani kwao kulikuwa na chumba ambacho hakufunguliwa miaka yote.

Tangu usiku ule nimejifunza kutengeneza kaske kwa ajili ya masikio yangu, na nashangaa kwamba hakuna aliyenifundisha mapema. Katika simu karibu zote, ndani ya mipangilio, kuna sehemu ya ufikivu (simu zetu nyingi ziko kwa Kifaransa, tafuteni Accessibilité). Hapo kuna kitufe cha sauti ya mono, kinachochanganya pande mbili na kuzipeleka pamoja katika kila sikio, na chini yake kuna mstari wa mizani, wa kuongeza upande mmoja kidogo. Bure kabisa. Mimi husikiliza kwanza kwa mono, niujue wimbo wote. Kisha kwa stereo, niione nyumba ilivyojengwa. Kisha nageuza kaske, nimsalimie yule wa upande wa pili.

Nilichoacha ni kuongeza sauti. Hapa wengi wanakosea, hata wasio na tatizo. Sikio lililoumia lina tabia ya ajabu: sauti ndogo hailifikii, lakini ukipandisha kidogo tu, ghafla inakuwa kubwa ya kuudhi. Hakuna nafasi pana katikati. Na kuna sehemu ambazo seli zimekwisha kabisa. Brian Moore, mtaalamu wa usikivu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, ameziita maeneo yaliyokufa, na ameonyesha kwamba kusukuma sauti ndani yake mara nyingi hakurudishi muziki, huleta mkwaruzo tu. Kwa hiyo ikwalaiza yangu naigusa kwa adabu. Napandisha kidogo kati ya hezi 2,000 na 3,000 ambako sikio langu la kushoto bado lina nguvu, na huko juu nimekuacha kupumzike. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Kaske inayofunika sikio zima husaidia, maana ikizuia jenereta ya jirani isiingie, huna sababu ya kushindana nayo.

Na muuzaji akikuonyesha sanduku lililoandikwa hezi 20 hadi 20,000, akakuambia bei yake ni kwa ajili ya hizo 20,000, muulize nyimbo zako zimetoka wapi. Nyingi tumejaziwa kwenye kadi ya kumbukumbu, zimebanwa zikae 1,000 mahali pa 100, na kubanwa huko kumekwisha kata sauti za juu kabisa kabla kaske haijazaliwa.

Sasa narudi kwa Asistenti, na kwa gitaa la Jadotville.

Mwenda Jean-Bosco alizaliwa Bunkeya mwaka 1930. Mwaka 1952 Mwingereza Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo yake ya kurekodia, alimkuta akipiga gitaa hapa mjini. Katika rekodi za wakati ule ndimo ilimo "Masanga", ambayo wapiga gitaa wa Kenya hadi Zimbabwe waliivunja vidole kuiiga. Alipiga kwa vidole viwili tu: gumba likitembea kwenye nyuzi nzito, kidole cha shahada kikisema juu yake. Mtu asiyejua huapa kwamba ni magitaa mawili.

Tuziangalie rekodi hizo kama kitu cha kusikilizwa. Nyuzi za gitaa zikiachwa wazi huanzia hezi 82 hadi 330. Hata ukibana uzi wa juu katikati yake kabisa, unafika 660 tu. Gumba na shahada za Mwenda zote mbili ziko ndani ya nyumba yangu, kushoto na kulia. Zaidi ya hapo, rekodi ni mono. Santuri za stereo hazikuingia sokoni hadi karibu mwaka 1958. Kwa hiyo hakuna jirani aliyefichwa upande wowote. Anachopata mwenye masikio kamili katika sikio lake la kushoto ndicho anachopata katika la kulia, nami ni hivyohivyo.

Kisha kuna mchakato wa santuri. Santuri zile za mizunguko 78 kwa dakika huchakarika kama mafuta kwenye kikaango, na sehemu kubwa ya mchakariko unaoudhi iko huko juu, katika frikwensi ambazo mimi nimeziaga. Dada mmoja wa mwaka wetu, mwenye masikio ya paka, hawezi kusikiliza rekodi hizo zaidi ya nusu saa bila kichwa kumuuma. Mimi nazisikiliza jioni nzima. Kwangu Mwenda anapiga katika chumba kitulivu. Sitaki kulifanya hili kuwa baraka, kwa sababu siyo, na kama ningeweza kurudishiwa hezi zangu ningezipokea leo na mchakariko wake wote. Lakini kwa kazi hii hasa, hasara yangu haina ukubwa anaoudhani Asistenti.

Tena hatutakuwa wa kwanza kuandika tunachosikia kutoka santuri. David Rycroft alinakili gitaa la Mwenda noti kwa noti na kuchapisha kazi yake katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962. Hakuna anayesoma kurasa zile anayeuliza kwanza grafu ya masikio ya Rycroft ilikuwaje.

Najua Asistenti atasema: gitaa sawa, lakini mada yako ni maneno. Hapo ana haki, na hapo ndipo somo letu la isimu linapoingia. Ninachopoteza kushoto, na kwa kiasi fulani kulia, ni vikwamizo: s, f, th, na kidogo sh. Nguvu zao ziko juu. Irabu ziko chini, nazo nazipata zote. Katika Kifaransa hasara hii ni kubwa. Katika Kiswahili lugha yenyewe inanishika mkono. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo mdundo wa neno haupotei. Na ngeli hurudia habari ileile mara tatu nne. Mtu akiimba kwamba kisu chake kikali kimepotea, hata kama s imeliwa na santuri na na sikio langu kwa pamoja, nina ki, cha, ki, ki za kunirudisha njiani. Tumefundishwa upatanisho wa kisarufi kama kanuni ya kufaulu mtihani. Hakuna aliyetuambia kwamba ni gongo la kutembelea kwa mtu asiyesikia vizuri.

Kuna jambo jingine, na hili nimelipenda kuliko yote. Kiswahili cha nyumbani kwetu kinasema bitu mahali pa vitu, na batu mahali pa watu. Walimu wametusahihisha tangu shule ya msingi. Lakini v ni kikwamizo dhaifu, kinachopita sikioni mwangu kama upepo, na b ni kipasuo ghuna, kina mshindo wa chini unaosikika hata kupitia ukuta. Nikiwa sokoni Kikula, kwenye kelele za pikipiki, nasikia bitu kabla ya vitu. Sisemi kwamba Wakatanga walibadilisha lugha kwa ajili ya viziwi. Nasema tu kwamba ile lahaja tunayoionea haya darasani ndiyo inayonifikia kwa urahisi zaidi, na wala sijaona kitabu chetu kinacholitaja hilo.

Hili linanifikisha kwenye ombi, maana maoni bila ombi ni malalamiko. Mitihani yetu ya kusikiliza hufanywa kwa spika moja ndogo iliyowekwa juu ya meza ya profesa, katika ukumbi wenye bati, watu zaidi ya sitini, mara nyingine mvua ikinyesha. Rekodi huchezwa mara moja. Mwanafunzi anayekaa nyuma, mwenye masikio mazima, hupata chini ya kile ninachopata mimi mbele. Tunapima nini hapo? Naomba fakulte iruhusu mwenye hati ya daktari kufanya mtihani huo kwa kaske yake, kwa sauti ya mono, na rekodi ichezwe mara mbili kwa wote. Gharama yake ni waya wa kuunganisha. Naomba pia pendekezo la kazi lipimwe kwa njia iliyoelezwa ndani yake. Grafu ya sikio la mwandishi isiwe sababu ya kulikataa.

Njia yangu ni hii. Yule dada mwenye masikio ya paka amekubali kusikiliza nami. Kila mmoja anaandika peke yake, kisha tunalinganisha. Katika wimbo wa kwanza tulitofautiana mahali tisa. Matano alikuwa sahihi yeye, vikwamizo vyote, kama nilivyotarajia. Matatu nilikuwa sahihi mimi: alikuwa amesikia s ndani ya mchakariko wa santuri, mahali ambapo hakukuwa na konsonanti yoyote, na sentensi yake haikupatana na ngeli.

La tisa lilitushinda sote. Tulichukua simu na kaske hadi Kikula, kwa mzee mmoja aliyecheza muziki huo ukumbini akiwa kijana. Alituangalia tulivyomvalisha, akacheka. "Batoto yangu, munatafuta nini mule?" Tulimwambia, "Papa, tunatafuta neno moja tu." Akasikiliza macho yamefumba. Nilipotaka kumrudishia mwanzo aliuzuia mkono wangu, akasikiliza hadi mwisho, kisha akaomba tena, na tena. Neno hakutuambia. Alisema turudi Alhamisi, na tuje na kaske ileile, maana ya mjukuu wake inapiga upande mmoja.